Shamba la Pili: Jinsi Watu wa Kwetu Walivyoishi Kila Ardhi Ilipopungua



Karibu kila mkutano wetu mkuu huwa na mzee mmoja anayesimama na kuuliza swali lile lile: vijana wameacha jembe na kukimbilia maduara ya dhahabu, nyumba italishwa na nani? Swali hilo ni zito. Lakini kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu hufundishwa kufungua vitabu vya miaka ya nyuma kabla ya kusema lolote juu ya mwaka huu. Nikifungua vitabu vya nyuma vya Shinyanga na Geita, naona kwamba kaya ya kwetu haijawahi kuishi kwa jembe peke yake. Kila kizazi kilikuwa na shamba la kwanza, lile la udongo, na shamba la pili lililoleta fedha: ng'ombe, pamba, almasi, dhahabu, na siku hizi mtoto aliyeko mjini. Jambo jipya ni kwamba shamba la kwanza limekuwa dogo mno. Na sisi tulioko mjini tunahusika katika kulifanya dogo, kama nitakavyoeleza.

Tuanze na takwimu mbili za sensa. Mwaka 2012 mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,977,608. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa na watu 1,534,808, ukafikia 2,241,299. Yaani katika miaka kumi mikoa hii miwili imeongezeka watu zaidi ya milioni 1.9. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Ardhi ilipokuwa nyingi

Wazee wetu walijua kugawa udongo kwa kazi zake. Luseni ya juu, yenye mchanga, ilikuwa ya mihogo, karanga na viazi. Mbuga ya chini, yenye udongo mweusi, ilikuwa ya malisho ya kiangazi na baadaye mpunga. Mtama na uwele vilikuwa chakula kikuu kabla ya mahindi kutawala. Kila ukoo ulikuwa na ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyekuwa akiba: alilipa mahari, alinunua chakula mwaka wa njaa, na alizaa bila kuomba mbolea. Kisha kulikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili majani yatumike kiangazi kinapokaza.

Katika miaka ya 1920 eneo kubwa la Shinyanga lilikuwa pori lenye mbung'o. Serikali ya kikoloni iliweka Shinyanga kituo cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na watu wetu kwa maelfu walitolewa kwenda kufyeka vichaka. Pori lilipungua, ng'ombe wakapata nafasi, na mashamba yakatanuka. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na mazao yakapata njia ya kutoka. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoenea, kaya yenye maksai iliweza kulima eneo ambalo babu mwenye jembe la mkono asingethubutu kulianza.

Huo ndio wakati ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa kusimuliwa tu, wakati kijana alipooa alionyeshwa upande wa pori na kuambiwa aanze kufyeka. Kijana hakugawana na kaka zake, aliongeza. Desturi zetu za urithi zililelewa katika hali hiyo. Leo bado tunazitumia, ila pori la kuongeza limekwisha.

Pamba, shamba la pili la babu zetu

Kufikia miaka ya 1940 watawala wenyewe waliona kwamba Usukuma wa kati umejaa. Mwaka 1947 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Usukuma. Maafisa walihesabu watu, mifugo na maili za mraba, wakaamua kwamba watu wapunguzwe katika maeneo yaliyobanana na wahamie Geita, kwamba ng'ombe wapunguzwe, na kwamba kila mkulima alime matuta kwa namna aliyoelekezwa. Aliyekaidi alitozwa faini. Watu walizichukia amri hizo, na mwaka 1958 maandamano makubwa ya Geita yaliitikisa serikali. Hata hivyo kuhamia Geita kuliendelea, kwa sababu watu walitaka ardhi mpya ya kulima pamba. Koo nyingi za Geita leo zikitaja asili yao hutaja Kwimba, Maswa au Shinyanga.

Pamba ndiyo iliyoleta fedha mkononi kwa mara ya kwanza katika nyumba nyingi. Wakulima walichoka na mizani ya wafanyabiashara, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa VFCU, muungano wa ushirika wa Victoria, ukiongozwa na Paul Bomani, ambaye baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Muungano ule ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Ulimiliki viwanda vya kuchambulia pamba, na wanaoulinda walikuwa wakulima wenyewe.

Fedha ya pamba ilikwenda wapi? Ilinunua plau, ng'ombe, baiskeli na mabati. Pia ililipa karo. Ukiuliza familia za kwetu zilizopata mwalimu, mganga au karani wa kwanza, mara nyingi utaambiwa kwamba babu alikuwa mkulima wa pamba. Naomba msomaji aliweke hilo akilini, maana ndilo sehemu pekee ya mapato ya pamba ambayo bado tunaila.

Kwa kuwa pamba yenyewe haikudumu. Mwaka 1974 Operesheni ya Vijiji ilipita Shinyanga. Watu walikusanywa pamoja, mashamba yakabaki mbali na nyumba, na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Viliporudi katika miaka ya 1980, SHIRECU ikiwa kwa upande wetu wa Shinyanga, mkulima alikuwa amezoea kukopwa pamba na kusubiri malipo. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, fedha taslimu ilionekana, lakini utaratibu wa kukopeshwa mbegu na dawa uliporomoka.

Mkulima hakukaa kulia. Alishuka mbugani na kuchimba majaruba ya mpunga bila mpango wa serikali wala mfadhili. Upande wa Kahama wengine walishika tumbaku, Kishapu wakapanda dengu na choroko. Huko kuongeza mazao na vipato, ambako wataalamu wa leo wanatufundisha kwenye semina, watu wetu walikuwa wakikufanya kwa sababu pamba pekee haikutosha tena.

Almasi na dhahabu

Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mgodi ule ulizaa mji wenye shule, hospitali na mishahara, na kwa miaka mingi kijana wa Shinyanga aliyepata kazi Mwadui alihesabiwa kuwa ameukata. Geita nako mgodi wa dhahabu wa wakati wa ukoloni, ulioanza miaka ya 1930, uliajiri watu wengi hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 34. Waliokuwa na mashamba walirudi kulima. Wasio nayo walitawanyika.

Wimbi la wachimbaji wadogo lilikua mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Bei ya pamba ilikuwa imeshuka, na serikali ililegeza masharti ya uchimbaji na ununuzi wa dhahabu. Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu yakawa majina yanayojulikana na kila dereva wa basi. Kisha leseni kubwa zikaja. Bulyanhulu wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, na mgodi wa kisasa ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na uzalishaji ukaisha mwaka 2021, miaka 12 tu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa hakuwa amemaliza kidato cha sita ulipofungwa. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa wazi pa kuuzia badala ya kuuza gizani.

Kwa hiyo kijana aliye duarani leo hakuzua jambo geni. Ila tusiwaweke wote kapu moja, kwa maana wapo wa aina mbili, na tofauti yao inaanzia shambani.

Wa kwanza anatoka katika nyumba yenye ekari za kutosha na maksai. Baada ya kuvuna anauza magunia kadhaa au ng'ombe mmoja, anaweka fedha katika duara kama mdhamini, au ananunua karasha ya kusagia mawe, au anafungua duka la chakula pale mwaloni. Mvua zikianza na maduara yakijaa maji, anarudi kulima. Rashi ikikauka, ana mahali pa kurudi. Huyu ameongeza kipato juu ya kipato.

Wa pili anatoka katika nyumba yenye ekari moja, au nusu, au hakuna. Anakwenda na mikono yake tu. Anashuka shimoni kwa mgawo wa mawe baada ya mwenye leseni na mwenye duara kuchukua sehemu zao. Akikosa, anakula kwa mkopo. Anashika zebaki kwa vidole ili apate chembe kutoka kwenye marudio. Mvua zikianza haendi kulima kwake, anakwenda kulima kibarua kwa mtu, katika wiki zile zile ambazo shamba lake dogo linahitaji palizi. Huyu hakuongeza kipato. Amebadilisha upungufu mmoja kwa mwingine. Tukijumlisha vijana wote hawa na kusema kwamba "kaya zetu zimekuwa na vyanzo vingi vya mapato", tunajidanganya kwa hesabu iliyo sahihi.

Hesabu ya kugawana

Hapa naomba ruhusa ya kufanya mfano wa kihasibu. Tuseme babu alikuwa na ekari 30. Alipofariki, warithi watano walipata ekari 6 kila mmoja. Mmoja wao naye aliacha warithi wanne: ekari moja na nusu kila mmoja. Vizazi viwili tu, na shamba limepungua mara ishirini. Ekari moja na nusu ya luseni iliyochoka, bila samadi, haiwezi kulisha watu sita kutoka mavuno hadi mavuno. Wala haiwezi kulisha ng'ombe wa kuleta samadi hiyo. Plau nayo inakosa kazi, maksai wanauzwa, na mjukuu wa mtu aliyekuwa na plau anarudi kwenye jembe la mkono.

Zamani kulikuwa na mlango wa kutokea, nao ni kuhama. Ndugu zetu wameswaga mifugo hadi Tabora, Rukwa, Katavi, Usangu na Kilombero. Mlango huo unazidi kuwa mwembamba. Wafugaji waliondolewa Usangu mwaka 2006 na Kilombero mwaka 2012, na wengi walipoteza mifugo njiani. Hakuna tena sehemu ya nchi inayosubiri Msukuma na ng'ombe wake.

Sasa nirudi kwetu sisi tulioko Mwanza, Dar es Salaam, Dodoma na ng'ambo. Katika ule mfano wa warithi wanne, mara nyingi wawili wako mjini. Wana mshahara au biashara. Lakini matanga yakianuliwa, nao wanadai ekari zao, wanaweka mipaka, kisha wanaondoka. Ekari hizo huwa zinakodishwa kwa mgeni, au zinauzwa rashi ikitokea jirani, au zinalala. Aliyebaki nyumbani, ambaye ndiye aliyemuuguza mzee, analima kipande kisichomtosha huku akitazama kipande cha ndugu yake kikiota magugu. Dada zetu nao mara nyingi hawahesabiwi kabisa, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi.

Sisemi mtu aache haki yake. Nasema tofauti iliyopo kati ya haki ya kumiliki na haja ya kukata vipande. Sheria hiyo hiyo inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa jina la familia. Shamba likibaki zima, aliyeko nyumbani akalima, na aliyeko mjini akachangia mbegu au samadi kwa makubaliano yaliyoandikwa, wote wana chao na shamba linabaki kuwa shamba.

Waliotangulia, na tuliyoyafanya wenyewe

Wapo waliobanwa na ardhi kabla yetu. Kule Kilimanjaro kihamba kilikuwa kidogo tangu zamani. Wachaga walikuwa na kahawa na chama chao cha ushirika cha KNCU tangu miaka ya 1930, na sehemu kubwa ya fedha ile waliiweka katika shule na biashara. Leo wengi wanaishi nje ya mkoa, na wanaporudi Desemba wanarudi kwenye kihamba ambacho familia inajitahidi kisipotee. Nao wana migogoro yao ya urithi, tena mingi, lakini elimu iliwapa shamba la pili lisilokauka haraka kama mgodi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuazima mfano. Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imekauka kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta miti ya kigeni peke yake, mradi ulikuja kuwauliza wazee, na wazee wakataja ngitili. Zilizokuwa zimebaki zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofikia mwisho wake mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, nyingine za kaya na nyingine za vijiji na shule. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu waliopiga hesabu ya kuni, nguzo, malisho, asali, dawa na matunda walikadiria kwamba ngitili zilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50.

Tazama vizuri jambo hilo. Ardhi haikuongezeka. Ilitunzwa kwa pamoja, chini ya kanuni za kijiji na macho ya sungusungu, na ikazaa mara kadhaa ya ilivyokuwa ikizaa ilipoachwa wazi. Ngitili ambayo familia inaikata vipande vitano haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kilichobaki katika daftari

Nikifunga vitabu vya miaka mia moja hii, naona mapato mengi na mali chache. Pamba ilikuja ikapungua. Mgodi wa Geita ulifungwa ukafunguliwa tena, na Buzwagi ilimaliza muda wake. Dhahabu ya sasa nayo itakwisha, kwa kuwa mawe hayazai. Mali iliyobaki ni ya aina tatu tu: watoto waliosomeshwa, ardhi iliyotunzwa bila kukatwa hovyo, na vitu tulivyomiliki kwa pamoja vikasimamiwa kwa hesabu za wazi. Ushirika wetu ulikuwa na nguvu wakati mkulima alipoweza kuuliza fedha zimekwenda wapi na akajibiwa.

Mchango unaoombwa katika kijitabu hiki uko katika mstari huo huo. Sisi tulioko mbali ndio shamba la pili la nyumbani kwa sasa. Lakini fedha ya kumtumia shangazi mwezi huu kwa simu, ingawa ni wajibu na tusiiache, inaliwa mwezi huo huo. Fedha inayoingia katika mfuko wa chama inaweza kumpa kijana ufundi wa kumtoa katika kundi lile la pili la wachimbaji, au kumpa mkulima mahali pa kuhifadhi mazao hadi bei ipande, badala ya kuuza Juni na kununua Januari.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa kila anayesoma. Kwanza, ujaze fomu ya ahadi iliyo mwishoni mwa kijitabu hiki kwa kiasi unachoweza kukilipa, maana ahadi isiyolipwa huvuruga makisio kuliko kutoahidi. Pili, udai taarifa ya fedha kila mwaka, na usikubali kusomewa kwa mdomo. Tatu, na hili halina risiti: utakapokwenda nyumbani likizo ijayo, ukae na ndugu zako mjadili lile shamba la mzee kabla halijakatwa, dada zenu wakiwamo kikaoni. Mkikubaliana, mwende ofisi ya kijiji mkaulizie hati ya familia.

Yule mzee wa mkutanoni akiuliza tena nani atalisha nyumba, tuwe na shamba la kumwonyesha.